Neno "Laini" na Mfuko wa Fundi Sefu

Vijana wa ofisi,

Mmeniomba niwaandikie namna ya kusoma madai ya hataza, nami nimekaa hapa Tukuyu na sweta mbili mwilini, miguu kwenye beseni la maji ya moto, najiuliza nianzie wapi. Siri ya kuwapa sina. Nilifanya kazi hii miaka thelathini na kidogo katika ofisi ya wakili pale Mbeya, na kilichobaki kwangu ni mgongo unaouma na tabia ya kusoma maandishi ya kwenye pakiti ya majani ya chai mpaka chai yenyewe inapoa. Wajukuu wananicheka. Wacheke tu, nimechoka kubishana nao.

Kwa wale walioingia mwezi huu, hataza ni haki anayopewa mtu aliyevumbua kitu, ili wengine wasikitengeneze wala kukiuza bila ruhusa yake. Hati ya hataza huwa na maelezo marefu na michoro mizuri, lakini mwishoni kuna sentensi chache zinazoitwa madai, na hizo ndizo zinazosema haki yake inaishia wapi. Mtu akiiga, hakuna atakayemuuliza mvumbuzi alikesha siku ngapi. Watasoma dai, neno moja moja, na kuuliza kila neno lina maana gani ya kawaida kwa watu wanaoifanya kazi ile. Hapo ndipo sisi tunapopatia ugali wetu. Na hapo ndipo mimi nilipompotezea Fundi Sefu haki yake, kwa sentensi moja niliyoiandika kwa kujionyesha, kisha nikakaa kimya wakati mama mwingine anabebeshwa lawama. Nitafika huko. Niacheni nifike polepole, maana si rahisi kwangu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ambokile, wakili mwenye ofisi, Mungu amrehemu. Aliniajiri kama mpiga chapa. Enzi hizo ukikosea herufi moja kwenye ukurasa wa madai, unaupiga upya wote, pamoja na nakala zake tatu za karatasi ya kaboni. Nilikosea sana, kwa hiyo nilisoma madai mengi sana, na nadhani ndivyo nilivyoanza kuyaelewa. Nyinyi mnabonyeza kitufe kosa linafutika, na siku hizi naambiwa simu yenyewe inakuandikia dai zima wakati unakula chipsi. Sina ugomvi na simu. Ila simu haijawahi kubeba maziwa, na nitawaambia kwa nini nasema hivyo.

Mwaka wangu wa pili, Mzee Ambokile alikuwa na mteja aliyetengeneza chombo cha kubebea maziwa, na ndani ya dai kulikuwa na maneno "mfuniko unaobana". Akanituma kijijini Matwebe nikajue wafugaji wanaelewa nini kwa maneno hayo. Nikamkuta babu mmoja anakamua, nikamwamkia vizuri, nikafungua daftari, nikamuuliza, "Babu, mfuniko unaobana maana yake nini?" Babu akavua kofia. Akakohoa. Akanieleza kwa nusu saa mambo ambayo nafikiri hata yeye hakuyaamini, akaanzia safina ya Nuhu. Nilirudi Mbeya na kurasa nne nikiwa na furaha. Mzee Ambokile akazisoma zote, akazikunja mara nne, akainama na kuziweka chini ya mguu wa meza yake uliokuwa unacheza.

"Mtu ukimuuliza maana, umemfanya mwalimu," akaniambia. "Na mwalimu lazima aseme kitu. Rudi na vyombo vitatu. Mwambie akuchukulie maziwa mpaka barabarani, halafu wewe nyamaza."

Nikarudi. Babu akavitazama vile vyombo vitatu, akajaza maji kimoja baada ya kingine, akakigeuza kila kimoja juu chini juu ya miguu yake mwenyewe. Cha kwanza kikamlowesha, na cha pili pia. Cha tatu hakikutoa hata tone. "Hiki ndicho kinabana," akasema, "hakitaniaibisha njiani." Basi. Sekunde chache, na kila kitu nilichohitaji kilikuwa pale. Mfuniko unaobana kwa watu wa maziwa ni ule ambao chombo kikipinduka hakimwagi, hata kama mtu wa kiwandani ana vipimo vyake vingine. Tangu siku hiyo ikawa desturi ya ofisi yetu: neno la dai halikai kwenye karatasi mpaka limepelekwa kwa watu wa kazi, likapewa kitu mkononi. Tulisema neno "limetembea". Kama halijatembea, Mzee hakutia sahihi.

Kuna jambo jingine alilolichukia kuliko kuchelewa. Alikuwa na penseli nyekundu, na akiona nimeandika "maana yake" kwenye maelezo, aliikata kwa mstari hadi karatasi inatoboka. Mwanzoni nilidhani ni uzee. Akanieleza siku moja tukiwa tunangoja mvua ipungue. Ukiacha neno lilivyo, mahakama italipatia maana wanayoipa watu wanaolitumia. Ukiandika "kwa mfano, chuma", umetoa mfano tu, na mbao nazo zinabaki ndani. Lakini ukiandika "maana yake ni chuma", neno hilo si la watu tena, ni la kwako, umelitungia kamusi yako, na utahukumiwa kwa kamusi hiyo. "Usimnyang'anye mteja lugha ya kwao," alisema. Nililiandika hilo nyuma ya daftari langu. Daftari ninalo mpaka leo, na sijui lilinisaidia nini.

Sasa Fundi Sefu. Wengi wenu mmemwona, anashona sare za shule pale soko la Tukuyu, upande wa wauza viatu. Babu yake alitoka Kilwa na cherehani, akaoa huku, na ukoo mzima ukabaki kwenye cherehani. Sefu ameshona sketi za marinda nyingi kiasi kwamba nadhani akiangalia mlima anaona marinda. Parachichi zilipoanza kuchukuliwa na wanunuzi wa nje, mke wake alijiunga na wachumaji, na jioni alirudi analalamika. Wachumaji walitumia mwanzi mrefu wenye kindoano juu. Ama tunda linaanguka, ama kila ukichuma moja unateremsha mwanzi wote, unatoa, unapandisha tena, mabega yanakufa. Na parachichi ni tunda lenye kisirani. Likigonga leo halionyeshi kitu, linang'aa tu. Litaonyesha likiiva, huko mbali, ndani jeusi, na mzigo mzima unakataliwa.

Fundi akafunga kisu kidogo juu ya mwanzi, kinachovutwa kwa kamba. Chini ya kisu akaning'iniza mfuko mrefu, mwembamba, unaoshuka mpaka kiunoni kwa mchumaji. Na ndani ya mfuko, njia yote, akashona marinda. Tunda likikatwa linaingia, linafika rinda la kwanza, linapunguza mwendo, linageuka, linakwenda la pili, na mwisho linatua mkononi taratibu kama mtoto aliyebembelezwa. Fundi aliuleta ofisini ukiwa umefungwa kwenye kanga ya mkewe, akatushusha sote uani, akapanda juu ya kiti akawa anadondosha maparachichi. Nimeona vitu vingi vya wavumbuzi, vingi vikiwa upuuzi mtupu. Siku ile nilipiga makofi.

Mzee Ambokile alikuwa ameshatutoka. Wakili aliyeshika ofisi, ambaye naye ameshahama, aliniachia kazi ya kuandika kwa sababu alisema mimi najua. Nikaandika dai: mti wa kuchumia matunda, wenye kisu kinachovutwa kwa kamba, na mfuko laini ulioning'inia chini ya kisu hicho, mfuko huo ukiwa na mikunjo inayopunguza mwendo wa tunda linaposhuka. Neno "laini" alinipa Fundi mwenyewe. Nilimuuliza huu mfuko anauonaje, akasema, "Laini, Mama Lusajo. Ukiwa mgumu tunda linaumia." Ningeishia hapo, leo ningekuwa nawaandikia mambo mengine.

Ila nilikuwa nimetoka semina. Wiki mbili Dar es Salaam, chai na maandazi saa nne, na mwisho cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu. Mkufunzi alisema maneno kama "laini" hayana kipimo na yanaweza kukuletea balaa, hivyo yafafanuliwe. Hakukosea. Alisema tufafanue kwa kile kitu kinachofanya. Mimi nikafafanua kwa kile nilichokiona mezani. Mfuko wa Fundi ulikuwa wa pamba, pamba nzuri, nyeupe, umeshonwa kwa mkono unaojua kazi. Nikaandika katika ukurasa wa sita: "Katika hati hii, mfuko laini maana yake ni mfuko ulioshonwa kwa kitambaa cha pamba."

Niliipenda sentensi hiyo. Niliisoma kwa sauti peke yangu, ikasikika kama kitu cha Dar es Salaam. Nilitakiwa kuipeleka Matwebe kwa wachumaji, niwape mifuko mitatu minne mkononi, niwasikilize. Mvua ilikuwa inanyesha siku ya tatu mfululizo, barabara imekuwa uji, nami nilikuwa na cheti. Nikasema maneno haya hayahitaji kutembea. Nikampigia Fundi simu aje, nikamsomea, akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Sawa kabisa, ni pamba, nimeinunua mwenyewe." Akatia sahihi.

Hataza ilipotoka, Fundi aliitia kwenye fremu. Aliuza miti yake ya kuchumia misimu miwili. Msimu wa tatu mfanyabiashara mmoja akaanza kuleta miti ya kwake kutoka Mbeya, kisu kilekile, kamba ileile, mfuko unaoshuka mpaka kiunoni. Hata idadi ya marinda alikuwa ameihesabu. Tofauti ni moja: mfuko wake ulikuwa wa salfeti, ile ya magunia ya mbolea, na ndani ameubandika sponji. Wateja wa Fundi wakahamia kule. Fundi akasema twende mahakamani, nasi tukamwambia una kesi nzuri.

Shahidi wetu alikuwa Mama Bupe. Ni mama wa Matwebe, wakati ule ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wachumaji, mtu wa maneno machache, amepanda miparachichi tangu watu wanaicheka. Alikuwa amechumia mti wa Fundi na mti wa yule mwingine, kwa hiyo angeweza kuiambia mahakama maana ya "laini" kwa mchumaji. Yeye nilimwandaa kwa namna ya Mzee Ambokile. Sikumfundisha jibu. Nilimpa mifuko tu, nikanyamaza.

Akasimama kizimbani, kitambaa kichwani, mikono mbele. Wakili wetu akamuuliza mfuko laini ni upi.

"Ni ule ambao tunda likishuka husikii kishindo," akasema. "Na likiiva ukalikata, ndani halina jeusi."

"Na huu wa mdaiwa?"

"Huo nao laini. Nimechumia msimu mzima, sijatupa tunda."

Jaji anaandika. Mimi nyuma nimeshika faili, nasema moyoni, Mzee Ambokile, umesikia? Neno limetembea mpaka mahakamani. Kisha akasimama wakili wa upande wa pili, kijana mpole, hata sauti hakupandisha.

"Mama, mfuko huu ni wa pamba?"

"Hapana. Ni salfeti, ndani sponji."

"Ahsante sana, mama."

Akamruhusu akae. Kisha akamwomba jaji afungue ukurasa wa sita wa hati. Nilijua kabla hajaanza kusoma. Wakili wetu akageuka akaniangalia, akaninong'oneza, "Hii uliiandika wewe?" Hukumu ilikuja baadaye, lakini kwangu kesi iliisha dakika ile. Jaji alisema kama hati ingenyamaza, angekubali maana aliyoitoa shahidi, kwa kuwa ndiyo ya kawaida kwa wachumaji. Lakini mwenye hati amelitolea neno maana yake mwenyewe, ni pamba, na mahakama haina ruhusa ya kumpa nyingine. Alikuwa sahihi kabisa. Mzee Ambokile angehukumu hivyo hivyo.

Sasa sikilizeni yaliyotokea nje, kwa sababu haya ndiyo yananikosesha raha, si ile sentensi. Mambo ya ukurasa wa sita mawakili waliyasema kwa haraka, kwa lugha yao, na Fundi Sefu hakuyafuata. Yeye alichokisikia na kukielewa ni swali moja na jibu moja: ni pamba? Hapana. Na baada ya jibu lile kila kitu kikaharibika. Siku ya hukumu, kwenye ngazi za mahakama, akamgeukia Mama Bupe mbele ya watu.

"Nilikuleta useme laini. Nani kakutuma useme habari za pamba?"

"Ameniuliza, Fundi. Ningesema nini?"

"Ungesema hujui! Au umeshapewa chako?"

Mimi nilikuwa nimesimama ngazi mbili juu yao, faili kifuani. Ilinipasa kushuka ngazi mbili na kusema maneno mawili. Nikajiambia si mahali pake, mteja ana hasira, tutamweleza ofisini. Ofisini wakili akasema tusimkoroge mteja kwa sasa, tuone habari ya rufaa. Rufaa haikukatwa. Hakuna aliyemweleza. Siku zikapita, na kila siku iliyopita ilifanya jambo liwe gumu zaidi kusema.

Huku kwetu habari haikai mahali. Wakasema Mama Bupe amenunuliwa na mtu wa Mbeya. Wakasema sokoni, wakasema baada ya ibada. Kikundi kikamtoa kwenye uenyekiti. Mumewe akafariki mwaka uliofuata, na Fundi Sefu, ambaye zamani wakikutana walisalimiana kama ndugu, hakwenda msibani. Na wengine hawakwenda. Mnaotoka huku mnajua kutokwenda msibani kunasema nini. Nilikwenda mimi, nikakaa na wanawake wenzangu, nikamenya ndizi, nikalia na kilio cha watu, na mdomo wangu ukawa mzito.

Halafu nikastaafu. Mlinifanyia sherehe, mkanipa kanga na saa ya ukutani, na mmoja wenu akasimama akasema Bibi Subilaga hajawahi kukosea hata nukta. Mkapiga makofi. Nikanywa soda yangu.

Mwaka huu nilikwenda Igogwe, hospitali, kwa ajili ya macho. Kwenye benchi la kungojea nikajikuta nimekaa na Mama Bupe, naye macho. Amekonda. Tukasalimiana kwa Kinyakyusa, habari za watoto, habari za mvua. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, wala hakuna hasira, kama mtu anayeuliza njia.

"Mama Lusajo, wewe ulikuwepo, na wewe umesoma. Ningejibu vipi?"

Nikamwambia, "Tuyaache hayo, ni ya zamani."

"Nayarudia kila siku," akasema. "Nikiwa shambani nayarudia. Najaribu jibu jingine, silipati."

Muuguzi akaita jina lake, akaenda. Nilibaki pale na karatasi yangu ya namba, na nawaambia ukweli, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Mtu alikuwa anakunja na kukunjua jibu ambalo lilikuwa sahihi, msimu baada ya msimu, kwa sababu mimi nilikuwa nalinda jina langu.

Nilitafuta nakala ya hati nyumbani, nikautoa ukurasa wa sita, nikaenda nao sokoni. Fundi Sefu alikuwa kwenye cherehani, anashona sketi ya bluu.

"Fundi," nikasema, "kesi yako niliipoteza mimi. Soma hapa."

Akasoma huku mguu bado uko kwenye pedali. Akarudia. Mguu ukasimama.

"Si ndiyo hii ulinisomea?"

"Ndiyo hii."

"Nilidhani unanisifia pamba yangu."

Nikamweleza yote, polepole, kwa maneno ambayo ningemweleza mwaka ule kama ningekuwa mtu. Nikamwambia Mama Bupe alijibu vizuri kuliko shahidi yeyote niliyewahi kumwona, na kwamba jaji mwenyewe alisema hivyo, ila kwa lugha ya majaji. Fundi akavua miwani, akaiweka juu ya sketi.

"Mumewe walimzika Alhamisi," akasema. "Nilikuwa hapa hapa. Niliwaona watu wa msiba wanapita, nikainama nikajifanya natunga uzi."

Akaukunja ukurasa wa sita, akanirudishia.

"Wewe ni mkubwa kwangu, Mama Lusajo, sitakutukana. Lakini nitokee hapo mlangoni, unanizibia mwanga."

Nikatoka. Nikasimama kwenye manyunyu pale nje, sikujua kama niende au nibaki. Baada ya muda akatoka amevaa koti, anafunga kufuli. "Twende Matwebe," akasema, wala hakunitazama.

Mama Bupe tulimkuta jikoni, anapika. Fundi alikataa kiti. Akamwambia wima, nimekukosea, nilikudhania vibaya, na msiba wako sikuja, nisamehe. Mama Bupe akamsikiliza hadi mwisho. "Wewe ulidanganyika," akamwambia. "Kaa." Fundi akakaa. Kisha Mama Bupe akanigeukia mimi, nikaeleza, na ukurasa wa sita mkononi kama mwanafunzi.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Palepale mahakamani."

"Na juzi hospitali, nilipokuuliza?"

"Nilijua."

Akachochea moto. Kisha akasema, "Mimi nilisemwa sokoni. Nilisemwa mlangoni pa kanisa. Wewe unakuja kuniambia jikoni."

Hivyo vijana, sina hakika kama nimejibu mlichouliza. Pelekeni maneno kwa watu wa kazi, hata kama mvua inanyesha, hata kama mna vyeti. Andikeni "kwa mfano" pale mnapotaka kuandika "maana yake". Someni hati kwa jicho la adui kabla adui hajaisoma. Haya yote mtayakuta vitabuni, na mtakosea vilevile, kwa sababu kila mtu hukosea akiwa anajipenda. Haki ya Fundi Sefu haikurudi, muda ulishapita, na mtu wa Mbeya bado anauza miti yake. Fundi bado anashona sare. Akiniona sokoni ananisalimu, na anamalizia kwenye salamu.

Ila Jumamosi iliyofuata, siku ya kupima matunda kule Matwebe, nilikwenda. Wachumaji wote huwa wapo, mwenyekiti mpya, wanunuzi na mizani yao, akina mama na makreti. Nikaomba niseme. Wengi walinijua kama mama wa ofisi ya wakili, wakanyamaza kwa heshima, na heshima hiyo ikanichoma. Fundi Sefu alikuwa amesimama nyuma karibu na gari. Mama Bupe alikuwa kwenye mstari na kreti yake, hakuiweka chini.

Nikasema, "Mama Bupe hakununuliwa. Aliulizwa, akasema kweli, na alijibu sawasawa. Kesi ya Fundi Sefu niliiharibu mimi kwa maandishi yangu, na nilijua tangu siku ileile, nikanyamaza."

Mizani ililia mtu alipoondoa kreti juu yake. Mama Bupe akageuka upande wa kushoto, ambako mama mkwe wake mzee alikuwa amekaa juu ya gunia, mkono sikioni. Kisha akanitazama mimi.

"Sema tena kwa Kinyakyusa," akasema. "Mama hakusikia."

Nikasema tena.